Saa tisa usiku na watoto wa barafuni

Mtwara, Jumatatu 6 Januari 2025

Leo nimeamka saa tisa usiku kama kawaida kutoa barafu kwenye mafriza, maana wachuuzi wa samaki wa pale Feri huwa wananigongea dirisha kabla hata ya adhana, lakini kwakweli leo hata nisingekuwa na kazi nisingelala. Saa tisa na nusu fainali ilikuwa inaanza Ottawa, Kanada. Fainali ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 20 wa mpira wa magongo wa barafuni, Marekani na Finland. Kwao ilikuwa bado Jumapili jioni.

Aliyeniingiza kwenye huu mchezo ni shoga yangu tuliyesoma wote hapa Mtwara, siku hizi yuko hukohuko Ottawa. Baada ya Krismasi alinitumia meseji ndeefu ya hasira, wenyeji wamepigwa na Latvia! Nchi ya watu hata milioni mbili hawafiki. Nikaangalia video nikakutana na kipa wao Linards Feldbergs, kaokoa mashuti 55, hamsini na tano jamani, mechi ikaisha 2-2 wakaenda kwenye matuta Latvia wakashinda. Tokea siku hiyo bando langu lote limeishia huko, na Januari 2 Kanada wakatolewa na Wacheki robo fainali 4-3 mbele ya watu wao, shoga yangu hakupokea simu siku nzima.

Mimi barafu ndo maisha yangu, ndo inasomesha watoto, sasa kuona uwanja mzima wa barafu unene wake sentimita tatu nne tu, chini yake mabomba ya ubaridi, yani nilikodoa macho. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na vikiisha hivyo vipindi linapita gari linakwangua uwanja halafu linamwaga maji ya moto. Ya moto! Lakini nikaelewa upesi, maana hata mimi nikichemsha maji yangu barafu inatoka ngumu na inang'aa, ila ya maji yaliyotoka bombani moja kwa moja inakuwa na vipovu vyeupe katikati na ukiigonga na nyundo inasambaratika hovyo. Na kile kidude wanachopiga, paki, raba ngumu ya gramu 170 hivi, nacho kinagandishwa kabla ya mechi kisidundedunde. Mtoto wa kaka yangu aliniuliza kama kuna Waafrika wanacheza, nikamwambia Nairobi wapo, Ice Lions, na mwaka jana Kenya imepokelewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo. Akatikisa kichwa tu.

Na huyu mtoto ndo nataka kumwandika leo. Ana miaka 15, ni kipa. Mwezi wa kumi na moja walicheza fainali ya mtaa, dakika za mwisho akapigwa tobo, bao moja bila. Nilikuwepo, nimekaa chini ya mkorosho na beseni langu la vifuko vya barafu. Nikasikia watu wazima, watu wenye watoto wao, wanamwambia kauza mechi, na mwalimu wao alikuwa wa kwanza kusema, tena mbele ya wenzie. Mtoto akavua glavu akazishika mkononi akapita katikati ya watu kichwa chini. Mimi sikusimama. Nilikuwa nahesabu chenji za watu, sikusimama. Tokea siku hiyo hajagusa mpira, akirudi shule anakuja kunisaidia kubeba madeli basi.

Hivi karibuni nimesoma habari ya Maxime Comtois ikanikata maini. Mwaka 2019 Kanada walikuwa wenyeji pia, robo fainali na Finland, yeye nahodha, miaka 19, dakika za nyongeza akapata penalti akakosa, Finland wakaja kufunga wakashinda 2-1. Watu wakamfuata Instagram wakamtukana matusi ya kila aina mpaka wakala wake ikabidi atoke kumtetea. Baadae ndo ikajulikana alikuwa anacheza bega limeumia. Miaka 19! Umri wa vijana wanaokuja kununua barafu hapa kwangu ambao bado mama zao wanawauliza wamekula nini.

Basi leo. Finland walikuwa mbele 3-1, nikasema imeisha, Marekani wakarudisha moja, kipindi cha tatu wakasawazisha, dakika za nyongeza wanacheza watatu watatu, bao la kwanza ndo la mwisho. Nje kunapambazuka, wachuuzi wamejaa uani wanataka barafu, mimi nyundo mkono mmoja simu mkono mwingine, mama mmoja ananiambia binti tupimie bwana samaki wanaharibika. Teddy Stiga akafunga. 4-3. Na hao Finland juzi tu walishinda nusu fainali yao na Sweden hivyohivyo, 4-3 dakika za nyongeza.

Mtoto alikuja mida ya saa moja, shule bado hazijafunguliwa. Akauliza nani kashinda nikamwambia. Akauliza kipa wa Finland je, nikamwambia anaitwa Petteri Rimpinen, wamempa tuzo ya kipa bora wa mashindano yote.

Akasimama na deli begani. "Si kafungwa la mwisho shangazi?"

Nikamwambia ndiyo, kafungwa la mwisho na kapewa tuzo. Halafu nikamwambia lile ambalo limenikaa kooni tangu Novemba, kwamba siku ile nilitakiwa kusimama nimtetee na sikusimama, anisamehe. Hakunijibu kitu. Alishusha deli, akafungua kifuniko akapanga vifuko upya, vikubwa chini vidogo juu, taratibuuu, akafunga, akaubeba mzigo wake akaelekea Feri.

Jioni naenda kwa yule mwalimu wao. Nimeshaacha maagizo kwamba baada ya saa kumi barafu haiuzwi.