Kapteni weka Grealish

Juzi usiku mwanangu alikaa kwenye mkeka na simu yangu mkononi, anapanga kikosi chake cha fantasi, ule mchezo wa simuni wa kuchagua wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Wachezaji 15, milioni 100 za kusajili, wasizidi watatu kutoka klabu moja, na mmoja wao kapteni, ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili. Hesabu hizo anazijua kuliko za shuleni. Jumatatu anarudi bweni na kule simu ni marufuku. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

“Baba, nikikuandikia kwenye karatasi kapteni wangu wa kila wiki mpaka likizo, utaweka huyohuyo? Hata ukiona nimekosea?”

Nikamwambia nitaweka. Akasema haya, akaendelea na mambo yake. Mimi usingizi ukanipaa.

Ligi yetu ya Mwaloni ilikuwa ya ana kwa ana. Watu 10, mechi tano kila wiki. Unapangiwa mpinzani, pointi za kikosi chako zinapambana na za kwake, ukimzidi unachukua 3, mkilingana kila mmoja 1. Aliyefungwa analeta samaki. Shemeji ndiye aliyetunza daftari la matokeo, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri na kwa sababu hakuna aliyewahi kumshuku kwa lolote.

Wiki ya nne ya msimu wa 2020/21 nilipangwa naye. Ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkali taa za wavuvi wa dagaa hazivuti kitu, mitumbwi inalala pwani, na hapo ndipo mashine zinafunguliwa. Kwa hiyo Shemeji, fundi wa mashine za boti, alikuwa ameitwa kambini visiwani, ng'ambo ya Ukerewe. Intaneti kule hamna. Kulikuwa na jiwe moja tu, ukilipanda ndipo ujumbe wa kawaida unapita. Kabla hajaondoka aliniandikia neno la siri la akaunti yake ya fantasi nyuma ya risiti ya oili.

Ijumaa saa 4 usiku ujumbe ukaingia: “Shem, mtoe De Bruyne ukapteni. Kapteni weka Grealish. Mabeki wa Liverpool wanapanda mno, nyuma ni wazi. Usisahau.”

Sikusahau. Miaka yote hii watu wa ligi wanajua kwamba mtandao ulikataa, na mimi ndiye niliyewaambia hivyo.

Jumamosi mchana nilikuwa Kamanga, nasubiri magunia ya makopa yashuke kwenye kivuko kutoka Sengerema. Chelsea na Crystal Palace walikuwa bado hawajaanza, muda wa kubadilisha ulikuwepo. Nikafungua akaunti yake. Ile herufi C ilikuwa kwenye jina la De Bruyne. Nikamgusa Grealish, vile vichaguzi vikafunguka, na kidole kikabaki hewani. Liverpool ndio mabingwa. Wameshacheza mechi tatu, Leeds, Chelsea na Arsenal, wameshinda zote. Aston Villa ya Grealish, wanaokutana nao wiki hii, msimu uliotangulia walinusurika kushuka siku ya mwisho kabisa. Manchester City ya De Bruyne wanakwenda kwa Leeds waliotoka kupanda daraja. Nikasema Shemeji amechoka, ameandika haya akiwa juu ya jiwe usiku na mikono imejaa grisi, mimi niliyetulia ndiye naona vizuri. Nikasema namwokoa. Nikaifunga simu, nikaenda kuhesabu magunia.

City wakatoka sare ya 1-1. Aliyefunga ni Sterling.

Jumapili kibanda umiza cha Kirumba kilijaa tangu jioni. Saa 12 na nusu walianza Manchester United na Tottenham, na United walipopigwa 6-1 nusu ya kibanda ilitoka nje kupunga upepo. Barabarani gari la kampeni lilikuwa linapita na muziki wake. Mimi nilibaki kwenye benchi la mbele. Saa 3 na robo ikaanza Villa na Liverpool, uwanja mtupu kwa sababu ya corona, sauti za makocha zinasikika.

Dakika ya 4. Kipa Adrián anatoa pasi mbovu, Grealish anaunasa mpira, anampa Watkins, goli. Kijana aliyekaa pembeni yangu alinipiga bega kwa furaha. Nikakunja kidole kimoja: pasi ya goli, pointi 3. Dakika ya 22 Grealish tena, Watkins tena. Nikakunja cha pili. Salah akarudisha moja, nikashusha pumzi, na kabla sijamaliza kuishusha McGinn akafunga, kisha Watkins kwa kichwa. Mapumziko 4-1. Muuza kahawa alipita na birika lake, nikachukua kikombe, nikakishika tu mpaka kikapoa.

Kipindi cha pili Grealish akamwekea Barkley. Pasi tatu, pointi 9. Dakika ya 66 akafunga mwenyewe, kiungo akifunga ni 5. Kibanda chote kinacheka. Wanaopenda Liverpool wanacheka kwa uchungu, wanaoichukia wanacheka kwa raha, na mimi katikati yao nikawa najumlisha.

Halafu dakika ya 75. Mpira mrefu unatoka nyuma, mabeki wa Liverpool wako karibu na mstari wa katikati, wamesimama wima kama watu wanaosubiri basi. Nyuma yao hakuna mtu. Nyasi tupu, nusu ya uwanja. Grealish akawa anakimbia peke yake, soksi zimeshuka hadi kwenye vifundo, hana haraka, na nikayasoma maneno ya Shemeji juu ya zile nyasi kana kwamba yameandikwa pale kwa chokaa. Nyuma ni wazi. Aliliona jambo hilo toka kambini, bila luninga, kwa kukumbuka tu mechi za wiki zilizopita, jinsi anavyosikiliza mashine ya boti kwa mbali akakuambia plagi gani imekufa. Goli. 7-2.

Magoli mawili 10, pasi 9, dakika zote 90 ni 2. Pointi 21 kabla ya bonasi, na kapteni huzidishwa mara mbili.

Nikatoka. Mwezi ulikuwa umeshapanda, ziwa lote jeupe, mawe ya pwani yanaonekana hadi mbali. Nilifungua matokeo yetu pale nje: mimi 64, yeye 53. Tofauti ni 11. Ukapteni wa Grealish ungeifuta na kupita.

Shemeji alirudi Jumatano. Alifika moja kwa moja kwangu na sato wawili wakubwa, wamefungwa kwa kamba ya nyavu, akampa dada yake jikoni. Akakaa, akaomba maji.

“Ilikataa, eh?”

“Mtandao, shemeji.”

“Mtandao wa siku hizi,” akasema. Akatoa daftari kwenye begi la vifaa, akaandika kwa ule mwandiko wake: 64, mstari, 53. Akanisogezea nihakiki. “Wabeja kwa kujaribu.”

Wale sato walikuwa watamu, na nilikula.

Nimejiuliza mara nyingi pale Kamanga nilikuwa nafanya nini. Siku nyingine nina hakika nilimwamini De Bruyne kwa moyo mmoja, na kwamba ningekuwa na mpinzani mwingine wiki ile ningefanya vilevile. Siku nyingine nakumbuka kwamba kwenye kikosi changu mimi mwenyewe Grealish hakuwepo, na kwamba kabla ya kuifunga simu nilikwenda kulitazama hilo kwanza.

Asubuhi ya leo mwanangu amenikabidhi karatasi yake. Wiki saba, majina saba. Wiki ya tatu ukapteni amempa kipa. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nimeibandika ukutani pembeni ya swichi ya taa, pale kila anayeingia anaiona.

Shemeji anakuja Jumapili kula.