Siku yangu na maji ya ardhini, kuanzia kisimani hadi mtoni

Saa 11:30 alfajiri

Nafika kisimani kabla pampu haijawashwa. Ninafuatilia maji ya ardhini kwenye bonde la mchanga na kokoto lililopakana na vilima vya mawe ya chokaa, na kipimo cha kwanza cha siku lazima kichukuliwe maji yakiwa yametulia. Nateremsha utepe wenye kihisio nchani. Kikigusa maji, kinalia. Nasoma kina kuanzia mdomo wa bomba, napima tena kuhakikisha, naandika.

Kijana anayelinda pampu ananiuliza, "Mtaalamu, huko chini ni ziwa au mto?"

Nalipenda swali hili. Si ziwa wala mto. Maji yamekaa katika nafasi zilizobaki kati ya chembe na chembe za mchanga, na katika nyufa za mwamba. Juu ya kina nilichosoma, nafasi hizo zina hewa na unyevunyevu. Chini yake zimejaa maji. Kwenye mchanga, nafasi hizo mara nyingi huchukua robo hadi theluthi ya ujazo wote, au zaidi. Mfinyanzi unaweza kufika nusu, ila vitundu vyake ni vidogo mno hata maji yaliyomo hayatoki kirahisi. Kuwa na maji ni jambo moja, kuyaachia ni jingine, na mchimba kisima anatafuta hilo la pili.

Saa 1:15 asubuhi

Nazungukia visima vitatu vya kupimia. Nikijua mwinuko wa kila kimoja kutoka usawa wa bahari, vipimo vitatu vinatosha kunionyesha uso wa maji umeinamia wapi. Leo, kama kawaida, unatoka vilimani kwenda mtoni.

Mwaka 1856 mhandisi Henry Darcy alichapisha majaribio aliyoyafanya mjini Dijon, Ufaransa, akipitisha maji kwenye mchanga. Tofauti ya kimo ikiongezeka, maji hupita kwa wingi. Njia ikirefuka, hupungua. Na kila aina ya mchanga ina wepesi wake. Hesabu hiyo ndiyo ninayoitumia hadi leo. Hapa inanipa mwendo usiofika mita moja kwa siku. Mvua iliyonyesha vilimani nikiwa mtoto huenda ndiyo inayopita sasa chini ya miguu yangu.

Saa 3:00

Tunawasha pampu kwa kasi isiyobadilika. Dakika za mwanzo maji kisimani yanashuka haraka, kisha taratibu. Kinachotokea chini ni kwamba uso wa maji unabonyea kuzunguka kisima kwa umbo la faneli, nayo faneli hiyo hupanuka kadiri pampu inavyofanya kazi. Ikifika kisima cha jirani, maji yake hushuka hata kama hajachota ndoo moja. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa visima unapoanzia, na ningependa kila mwenye pampu alielewe jambo hili kabla ya kununua pampu kubwa zaidi.

Kuna hasara nyingine isiyorudi nyuma. Maji yakinyonywa kupita kiasi, tabaka za mfinyanzi hujibana na ardhi yote ya juu hutitia. Katika bonde la San Joaquin, California, kuna mahali ambapo ardhi ilishuka karibu mita 9 kati ya miaka ya 1920 na 1977. Sehemu kubwa ya nafasi iliyobanwa hivyo haifunguki tena, hata mvua inyeshe namna gani.

Saa 7 mchana

Sampuli. Nasubiri joto na chumvi vitulie kwenye kipimo, najaza chupa, naendelea.

Saa 8

Vilimani mambo ni tofauti kabisa. Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na zaidi kutoka udongoni, yakawa na uchachu hafifu unaoyeyusha chokaa. Ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa pango, na paa la pango likishindwa kujishikilia, ardhi inadidimia. Kijito ninachokifuata kinaingia kwenye shimo la namna hiyo na kutoweka. Kwenye miamba kama hii maji yanaweza kusafiri kilomita kadhaa kwa siku bila kuchujwa. Ndiyo maana nikikuta takataka zimetupwa shimoni humo moyo unaniuma: zinaelekea moja kwa moja kwenye chemchemi ya mtu.

Saa 10 jioni

Mtoni. Mvua haijanyesha kwa miezi, lakini maji yanatiririka. Napima wingi wake sehemu mbili ambazo kati yake hakuna kijito kinachoingia. Sehemu ya chini ina maji mengi zaidi, na nyongeza hiyo yote imejipenyeza kutoka ardhini. Kando ya ukingo chemchemi ndogo zinaondoa mchanga chembe kwa chembe. Ukingo unakatika kutoka chini, na korongo linazidi kurefuka kuelekea vilimani.

Saa 12 jioni

Tumezima pampu. Maji yanapanda kisimani, kwanza upesi, halafu polepole. Kipimo cha kisima kilicho karibu na mto ndicho nilichokisubiri: maji yake nayo yameshuka tangu asubuhi. Faneli imefika huko. Kesho nitawaonyesha wenye pampu grafu hiyo, pamoja na pendekezo la kupunguza saa za kuchota wakati wa kiangazi, kwa sababu sehemu ya maji wanayoyavuta ni yale yale yaliyokuwa njiani kwenda mtoni.