Wiki ya 11: nimeifunika "n"

Jana usiku wimbo umekubali. Nimeimba "La lune blanche", wimbo wa Kifaransa, mara nne mfululizo, na mara zote rekodi ya simu haikunirudishia ile "n" ninayoitamka pasipotakiwa. Naandika sasa hivi kabla sijasahau nilivyofanya.

Huu ni wimbo wa tatu kati ya tisa za "La Bonne Chanson", opus 61, ambazo Gabriel Fauré alizitunga kati ya 1892 na 1894. Mashairi ni ya Paul Verlaine, aliyomwandikia mchumba wake Mathilde Mauté. Nyimbo mbili za mwanzo nilishazimaliza. Huu wa tatu umenikaba wiki tano, na kisa ni neno moja: "blanche".

Kinywa changu kimelelewa na ng'ombe, ngoma na nchi. Kikikutana na "an" mbele ya konsonanti, ulimi unapanda wenyewe na kuziba. Mwanzo nilikuwa natoa "blang'she", nikajitahidi ikawa "blanshe", na zote mbili si zenyewe. Pale hakuna "n" kabisa. Herufi ile inakuambia tu kwamba pumzi ya vokali ipite puani na mdomoni kwa pamoja, ulimi umelala, haugusi popote. Hilo nalijua tangu wiki ya kwanza! Halikunisaidia, kwa sababu macho yakisoma "n", ulimi unatii macho.

Juzi nikachukua penseli laini nikaipaka juu ya kila "n" isiyosikika hadi ikapotea, kisha nikachora kiwimbi (~) juu ya vokali yake. "Blanche", "dans", "branche", "étang". Na "m" ya "semble" pia. Shairi fupi vile, lakini ukurasa ulijaa madoa meusi. Niliiacha ile ya "bien-aimée" tu, maana hiyo inaruka kwenda kwenye vokali inayofuata na lazima isikike. Halafu kioo: nashikilia vokali nikihesabu hadi nane, naangalia nyuma ya ulimi usinyanyuke, ndipo naangusha "che" kwenye noti yake. Siku mbili tu. Wiki tano zote zile!

Hiyo "che" nayo ina kisa chake. Nilijifunza matamshi kwa programu ya simu inayosoma maneno kwa sauti, na siishauri tena kwa mwimbaji. Inasoma Kifaransa cha mazungumzo, ambacho "e" ya mwisho humezwa, kumbe katika uimbaji Fauré ameipa noti yake. Nikawa nabaki na noti isiyo na silabi. Kwa uzito, Kiswahili kinanibeba hapo: silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo nzito, kama "baba". Kazi ni kuipunguza ile ya mwisho iwe nyembamba, sisi tumezoea kuzijaza vokali zetu.

Mpigaji wangu wa kinanda alitaka kutumia kitufe cha kuhamisha ufunguo, yaani kupandisha au kushusha sauti zote, ili akwepe shapu sita (alama za kupandisha noti). Nimekataa. F# meja, ufunguo wa wimbo huu, inalaza vidole kwenye funguo nyeusi, na ule ulaini unasikika. Nimekataa pia kuburuta mwendo kwenye "c'est l'heure exquise", maana Fauré alijulikana kwa kutopenda mwendo uyumbishwe. Nyimbo hizi alimtungia Emma Bardac, aliyekuwa akiziimba zingali mbichi, na naamini hata yeye hakuruhusiwa kuburuta.

Wiki hii ilikuwa zamu ya wimbo wa nne, "J'allais par des chemins perfides". Ila usiku, nikiwa bado na furaha, nikakumbuka kwamba mtunzi mwingine, Reynaldo Hahn, alilitungia muziki shairi hilihili, akauita "L'heure exquise". Maneno ni yaleyale, kwa hiyo "n" ni zilezile. Nimechapa nakala, nimeshaipitishia penseli yote, na asubuhi nimemtumia mpigaji ya kwake. Wa nne utasubiri.