Ufalme Wako Uje: Tafakari Kutoka Mkunazini

Ndugu wapendwa katika Kristo,

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yetu ya kusafisha kanisa letu la Mkunazini, hapa mjini Zanzibar, nami nikapangiwa sehemu ya mbele ya altare. Kila ninapolifikia lile duara la marumaru lililowekwa sakafuni, mkono hupunguza mwendo wenyewe, kwa kuwa hapo, kama tulivyosimuliwa na wazee, ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko kabla ya kuuzwa. Soko la watumwa lililokuwa hapa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, zama za Sultani Barghash, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa letu.

Tukisimulia, hupenda kuishia hapo. Lakini kilichofungwa ni soko. Utumwa wenyewe ulibaki. Ilipita miaka 24, hadi 1897, ndipo sheria ikaacha kuutambua Unguja na Pemba, na hata hapo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake mbele ya mahakama, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Aliyekuwa akichuma karafuu Pemba katika miaka hiyo aliweza kusikia kwamba soko limefungwa, na kesho yake akaamka angali mtumwa.

Ndiyo maana Waebrania 2:8 hunigusa: "lakini sasa bado hatujaona vitu vyote kutiwa chini yake". Kristo aliposema "Imekwisha" alishinda kweli, na msalabani, asema Paulo, alizivua enzi na mamlaka. Ushindi huo haungoji juhudi zetu ndipo utimie. Tunachongoja ni ufalme wake uonekane wazi, nasi tungali tunaomba kila siku: Ufalme wako uje.

Mfano huu, hata hivyo, una mpaka wake. Sheria ya 1897 iliwafidia wenye watumwa, na aliyetumikishwa hakulipwa kitu. Katika Ufunuo 5, Yohana anaambiwa kwamba Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Anapotazama, anamwona Mwana-Kondoo kana kwamba amechinjwa, na wimbo unaoimbwa unasema kwamba aliwanunua watu kwa damu yake. Neno hilo "kununua", nikilisoma hapa Mkunazini, hunielemea. Hapa mnunuzi alitoa fedha, na damu ikamtoka aliyenunuliwa. Masihi alitoa damu yake mwenyewe, na wale aliowanunua akawafanya ufalme na makuhani kwa Mungu.

Kwa hiyo sisi Wakristo, tulio wachache visiwani, tusilisikie neno ushindi kana kwamba limeelekezwa kwa majirani zetu, ambao hutualika futari na hutusaidia kubeba majeneza yetu. Adui ambaye Paulo anamtaja kuwa wa mwisho ni mauti.

Naye bado anatutembelea. Mwezi uliopita tulimsindikiza mama mmoja wa kwaya, na jeneza lake likawekwa pale mbele, hatua chache kutoka kwenye duara. Ikasomwa sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza, yote, kwa urefu wake, huku wenzake wa sauti ya pili wakiwa wameiacha wazi nafasi yake kwenye benchi. Kisha wakasimama kuimba, na nafasi ile hawakuijaza.