Miezi minane nikitibu sikio, kumbe ni taya

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Mombasa, na hii naandika na uchungu manake miezi minane nimetibu sikio ambalo halikuwa na ugonjwa wowote. Ilianza kabla ya Idd, oda zimejaa, nalala saa nane usiku, nikiamka sikio la kulia lauma, kipaji cha uso chagonga, na nikipiga miayo nasikia "ka!" Basi kila mtu akawa daktari. Shangazi akachemsha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, akanitia vuguvugu sikioni siku tatu mfululizo, wapi, nikawa nasikia watu kama niko chini ya maji na maumivu yako palepale. Nikauziwa matone chupa mbili, elfu na ushei ikaenda. Mwengine akasema ng'oa gego la mwisho, alhamdulillahi sikumsikiza.

Daktari wa meno ndiye aliyegundua. Aliweka vidole mbele ya masikio yangu, fungua, funga, kisha akauliza, "Mama, uzi waukata na nini?" Na meno, tangu nianze kazi! Pini pia nazibana hapohapo, na usiku kumbe nasaga meno. Kiungo cha taya kiko mbele tu ya sikio, ndani mna gegedu (mfupa laini) kama mto mdogo wa kulalia, likihama kidogo ndio ile "ka", na misuli ikichoka maumivu yapanda hadi kichwani.

Nilitengenezewa plastiki ya kuvaa menoni usiku, ikala faida ya magauni kadhaa, lakini kilichonifaa zaidi ni uzi mwekundu niliofunga kwenye cherehani. Kila nikiuona najiuliza, meno yameachana? Manake ya juu na ya chini hayafai kugusana ila ukitafuna au ukimeza, midomo funga, ulimi upumzike juu kwenye kaakaa. Siku ya kwanza kila nikiutazama nakuta nimekaza! Wiki ya tatu hivi taya likaanza kulegea lenyewe. Nikashona na kifuko cha bafta, nikatia mchele, napasha kwenye karai kavu, najaribu mkononi kwanza, kisha shavuni dakika 15. Chakula ni laini tu, bokoboko na mbaazi za nazi, chingamu mwiko, na nyinyi wa kutafuna majani ya muguka kutwa sikieni hapo. Mdomo ukikwama msiulazimishe, hospitali.

"Ka" bado nasikia mara mojamoja, lakini haiumi, na daktari alisema mlio usio na maumivu niuache. Juzi nimekula mahindi ya kuchoma pale ufukweni Mama Ngina, nikayapukuchua kwanza.