070 na 090 kwenye gogo moja

Jumamosi hatimaye nimezikutanisha. Chensoo (msumeno wa injini) yangu Stihl 070 niliyorithi kwa mzee, na 090 ya jirani yangu hapa Mufindi, gogo moja la mkaratusi, baa (lile bapa la chuma linalozungukwa na cheni) za urefu sawa, cheni zote nimezinoa mwenyewe usiku wake maana ukishindanisha mashine moja ina cheni butu hapo hujashindanisha kitu.

Kwa wasiojua, 070 ina injini ya cc 106 na 090 ina 137, ila pistoni zinatembea umbali uleule, milimita 40, tofauti ni upana wa silinda tu: 58 kwa 66. Na hiyo tofauti utaisikia kwenye mikono kabla hata ya masikio!

070 ukiizamisha yote kwenye gogo ukaiegemea, mlio unashuka, unakuwa mzito, inatafuna taratibu. 090 mimi niliiegemea kwa nguvu zangu zote na mlio haukubadilika jamani, unga wa mbao ulikuwa unamwagika mpaka ukafunika buti. Raha iliyoje.

Ila kuvuta ile kamba ya 090 asubuhi na baridi ya huku, vuta kizembe inakurudisha vidole. Zote mbili hazina springi za kuzuia mtikisiko, na hizi zetu hazina hata breki ya cheni, nusu saa tu viganja ganzi.

Kwa kazi ya kila siku nabaki na 070, petroli inakula kidogo, na spea zake mpaka leo nazipata.