Siku yangu moja na rotifera, Bukavu

Saa 12 asubuhi niko Panzi, kando ya bwawa la tilapia, namsalimu mwenye bwawa. "Jambo, Papa. Maji yamekuwa kijani sana." "Ndiyo, Mama, lakini vitoto vya samaki vinakula nini humo?" Swali la maana. Napitisha wavu wa matundu madogo sana, kuwanasa rotifera, wanyama wadogo mno wa majini. Chupa moja naiacha hai, nyingine naitia fomalini, dawa ya kuhifadhi, halafu napanda pikipiki.

Saa 3, maabarani. Umeme upo. Tunaanza na chupa hai, maana rotifera wa kundi la Bdelloidea wakiguswa na fomalini hujikunja donge, na donge huwezi kulipa jina. Tone la kwanza chini ya hadubini: Philodina, mmoja wa kundi hilo, amejishika kwa vidole vya mguu, kichwani kama magurudumu mawili yanazunguka. Hakuna kinachozunguka; ni vijinywele vinavyopiga kwa zamu, vikivuta mwani mdomoni. Mwili haufiki milimita moja, una seli zipatazo 1,000, lakini ubongo upo, tumbo lipo, na kooni taya zinasaga bila kupumzika. Sijawahi kuchoka kumtazama.

"Mama, dume ni yupi?" mwanafunzi wangu anauliza. Katika Bdelloidea dume hajawahi kuonekana. Majike huzaa peke yao. Katika Monogononta, kundi kubwa kuliko yote, madume hutokea kwa vipindi, wadogo, wengi hawana hata utumbo. Mayai waliyorutubisha hulala matopeni mpaka hali iwe nzuri.

Saa 7, bugali na sambaza, haraka.

Saa 8, taya. Tone la javeli, dawa ya kung'arisha nguo, huyeyusha nyama, taya hubaki. Za rotifera aitwaye Brachionus husaga mwani. Za Asplanchna, rotifera mwingine, ni koleo, kwa kuwa humla Brachionus. Ndiyo maana sipokei ripoti iliyoandikwa "rotifera" tu. Spishi zinazojulikana ni kama 2,000, na Brachionus ndiye anayeingia mdomoni mwa kitoto cha samaki. Ukimhesabu pamoja na anayemwinda, umeficha kinachotokea bwawani.

Saa 10. "Mama, huyu ana miiba mirefu!" Brachionus calyciflorus, kweli. Kemikali inayotoka kwa Asplanchna ikiwa majini, watoto wa Brachionus huyu huota miiba hiyo, wasimezeke kirahisi. Basi adui yumo. Tunarudi kwenye chupa hai, tone kwa tone, mpaka Asplanchna anapita: mfuko mwangavu, hana mguu, tumboni Brachionus mzima. Mwanafunzi anafungua daftari, kila jina na mstari wake, anaanza kuhesabu.